Mkurugenzi Asiyetajika

Ninayo heshima na furaha kubwa kuutangazia umma wa Iringa, Mbeya na Nyanda zote za Juu Kusini kwamba Shirika la Mwavuli lilitimiza miezi kumi na tisa bila kupokea lalamiko hata moja dhidi ya uongozi wake wa juu. Mafanikio hayo hayakudondoka kutoka mbinguni. Yalipangwa, yakajadiliwa, yakapitishwa, yakapigiwa muhuri. Mimi, Sosthenes Kalinga, Afisa Mwandamizi wa Kinga dhidi ya Madhara, nilikuwepo tangu siku ya kwanza, na muhuri ninautunza mimi.

Kwa wasiotufahamu, Mwavuli tuna chuo cha ufundi nje kidogo ya mji wa Iringa. Tunafundisha vijana thelathini na wawili ushonaji, useremala na uashi. Miaka miwili iliyopita wafadhili walituandikia kwamba siku hizi haitoshi kumfundisha kijana ufundi. Lazima shirika lihakikishe kijana huyo haumii mikononi mwa shirika lenyewe. Tulishangaa. Sisi tulidhani watu huumizwa na maadui zao. Lakini mfadhili akisema kuna mvua, unafungua mwavuli, nasi tukaunda idara.

Idara ilianza kwa kasi. Tulipiga marufuku mtu kumgusa mwenzake ndani ya eneo la chuo bila Fomu Namba Nne, inayosainiwa na mgusaji na mguswaji katika nakala mbili. Kijana mmoja wa uashi alipoteleza saa mbili asubuhi akatumbukia kwenye shimo la msingi, wenzake walisimama juu wakimtazama kwa heshima zote mpaka fomu zilipoletwa. Aliopolewa saa tano na robo, nakala yake mkononi. Halafu tukaagiza kwamba kila anayekwenda chooni avae kizibao cha kung'aa. Tangu hapo hakuna aliyegongwa na gari njiani kwenda chooni. Kabla ya hapo pia hakuna aliyewahi kugongwa, lakini sasa hagongwi mtu kitaalamu.

Moyo wa mfumo wetu, hata hivyo, ulikuwa Fomu Namba Saba, ya kulalamikia madhara. Kanuni yake ya tatu inasema hivi: Mpokeaji wa Malalamiko atasoma kwa sauti, kwa kinywa chake mwenyewe, jina la mtuhumiwa; jina lisiposomwa naye, lalamiko litahesabiwa kuwa halijazaliwa. Kanuni hiyo aliipendekeza Mkurugenzi wetu, Mzee Isakwisa. Na mpokeaji pia alimpendekeza yeye. Alimtoa Mwanjelwa, Mbeya, alikokuwa akiuza vitenge, dada mmoja mwepesi wa kazi anayeitwa Tupokigwe. Ni mke wa mwanawe.

Hapa lazima nieleze, maana wengine mtadhani ni undugu wa kawaida wa maofisini. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja lazima apotee. Na mkamwana halitamki jina la mkwe wake, hata achomwe moto. Vijana wengi wameyaacha hayo, wanakaa sebule moja na wakwe zao wakitazama mpira na kugombania rimoti. Mzee Isakwisa si mtu wa namna hiyo. Siku ile ile aliyomwajiri mkamwana wake alitoboa mlango wa pili nyuma ya ofisi, na mlinzi akapewa filimbi: akipita mkamwana anapuliza mara moja, akipita mkwe anapuliza mara mbili. Mimi ni Mhehe, nimelelewa kuheshimu mila za jirani, hasa jirani mwenyewe akiwa ndiye anayesaini barua yangu ya ajira.

Wapo waliosema chini chini kwamba Mkurugenzi amening'iniza kengele isiyo na ulimi. Mimi niliita ubunifu, na nikaandika hivyo kwenye ripoti ya nusu mwaka.

Basi Jumanne moja, baridi ya Iringa ikiwa imekaza, aliingia ofisini kwetu binti wa darasa la ushonaji aitwaye Anjela. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta, umening'inizwa shingoni kwa kipande cha khanga.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene. Kizibao kiko wapi?"

"Nimevunjika mkono, afisa."

"Naona. Ndiyo maana nauliza kizibao."

Tupokigwe alikwisha inuka na kumvutia kiti. "Achana na huyo, mdogo wangu. Pole sana. Kaa hapa, niambie ilikuwaje."

"Si Jumamosi tulipelekwa tena Ruaha Mbuyuni, dada, kung'oa vitunguu. Wanasemaga ni mafunzo kwa vitendo. Mimi nasomea ushonaji! Kitunguu unakishonaje? Tulikuwa thelathini na wawili nyuma ya lori, tumesimama kama magogo. Tunashuka mlima Kitonga, kwenye kona, breki zikagoma, halafu zikashika ghafla. Nikarushwa nje. Bahati yangu niliangukia upande wa mlima. Ningeangukia upande ule mwingine, saa hizi mngekuwa mnanichangia sanda."

"Shamba la nani hilo la vitunguu?" Tupokigwe aliuliza huku akiandika.

"La Mkurugenzi, la nani tena? Lori la chuo, sisi wa chuo, shamba lake. Yeye anakaaga mbele na dereva, kajifunga mkanda."

Kalamu ya Tupokigwe ikasimama. Mimi nikakohoa, maana hapo ndipo utaratibu unapoanza.

"Mkurugenzi ni cheo," nilisema. "Fomu inataka jina."

"Mzee Isakwisa! Nani hamjui?" Anjela alisema.

"Wewe umelitaja, sawa, lakini wewe siyo mpokeaji. Mpokeaji, tafadhali soma jina la mtuhumiwa."

Tupokigwe alitazama sakafu. "Afisa, unajua kabisa mimi jina hilo sitajagi. Nikilitaja ni kama nimemvua nguo baba mkwe barabarani. Mama yangu kule Rungwe ataficha wapi uso wake? Niandike baba wa mume wangu."

"Hatuna mtumishi wa jina hilo."

"Yule mwenye ofisi ya milango miwili."

"Hiyo ni anwani."

"Yule wa filimbi mbili."

"Hiyo ni ishara."

"Yule aliyekupa kazi wewe."

Masikio yangu yalipata moto kidogo. "Hiyo ni historia," nilijibu.

Anjela alitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyefika hospitali akakuta madaktari wanacheza bao. "Kwa hiyo Jumamosi hii wenzangu wanapanda tena?"

"Ratiba ya mafunzo kwa vitendo haijabadilika."

"Obeid mwenyewe dereva kasema breki anazipampu mara tatu ndiyo zishike! Safari hii wakidondoka upande wa korongo, hiyo fomu mtamjazia nani?" Aliutazama mkono wake uliofungwa. "Mtihani mwezi wa kumi na moja. Mimi nakataga nguo kwa mkono huu huu."

Nasema wazi: iliniuma. Nina binti wa umri wake, yuko sekondari Mafinga, na kwa dakika nzima nilimwona yeye juu ya lori lile. Kisha nikafanya kile ninachofanya siku zote kitu kinaponiuma kazini. Nikachukua muhuri, nikagonga juu ya fomu ile: HALIJAZALIWA.

Tupokigwe aliichukua fomu, akaikunja mara nne na kuitia kwenye pochi yake. "Ndaga, afisa," alinishukuru kwa Kinyakyusa, kwa upole. "Nimekuelewa vizuri sana."

Nilifurahi. Si mara nyingi watumishi wa chini huelewa kanuni haraka namna ile.

Jumamosi ilikuwa siku kubwa kuliko zote katika historia ya Mwavuli. Saa nne asubuhi alikuwa anatarajiwa Bi Gloria, mjumbe wa wafadhili kutoka Dar es Salaam, kuja kumkabidhi Mkurugenzi cheti cha miezi kumi na tisa bila lalamiko. Kwa hiyo safari ya vitunguu iliwahishwa hadi saa moja, ili mgeni asikute kelele. Mkurugenzi mwenyewe angebaki. Alivaa suti yake ya bluu na tai nyekundu.

Saa moja kamili vijana thelathini na mmoja walikuwa juu ya lori, wamejifunika makoti na khanga kwa baridi. Obeid alizunguka kwenda mlango wa dereva, akaufungua, akaufunga tena, akaja kwangu mbio.

"Mkuu, kiti changu kina mtu."

"Nani?"

"Dada Tupokigwe. Na funguo anazo yeye."

Nilikwenda kuangalia. Kweli, alikuwa ameketi nyuma ya usukani, miguu ameifunika kitenge, pochi mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake kliniki. Nilimuuliza anafanya nini. Alisema amekaa. Kabla sijapata kanuni ya kumjibu nikasikia filimbi mbili, na Mzee Isakwisa akatokea kwenye kona ya bweni, anauliza kwa ukali kwa nini lori halijaondoka. Akaona kitenge dirishani. Sijawahi kumwona mzee yule akiwa mwepesi kiasi kile: kufumba na kufumbua alikuwa nyuma ya tangi la maji.

"Sosthenes!" tangi likaita. "Mwambie ashuke!"

Nikakimbia hadi kwenye lori. "Mkurugenzi anaagiza ushuke."

"Mwambie aje aniambie mwenyewe."

Nikakimbia hadi kwenye tangi. "Anasema uje umwambie mwenyewe, mkuu."

"Una akili wewe? Nitakwendaje pale?"

"Kwa miguu, mkuu. Ni hatua thelathini tu."

"Mila, Sosthenes! Mila!"

"Ndiyo, mkuu."

"Obeid amtoe kwa nguvu."

Nikakimbia tena. Obeid aliposikia agizo aliweka mikono yote miwili mfukoni. "Nimguse? Mimi? Fomu Namba Nne iko wapi?" Hoja yake ilikuwa sahihi, na kwa kuwa kanuni ile niliiandika kwa mkono wangu sikuweza kumkaripia. Nilikwenda ofisini, nikaleta fomu, nakala mbili. Obeid akasaini sehemu ya mgusaji. Tukampitishia Tupokigwe dirishani. Aliisoma mbele, akaigeuza, akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu, akaandika sehemu ya mguswaji: SIJARIDHIA. Kisha akaturudishia nakala yetu na kubaki na yake.

Jua likapanda. Juu ya lori walianza kwa kunong'ona, wakafuatia kucheka, na ilipofika saa tatu walikuwa wakinihesabia safari zangu kati ya lori na tangi kwa sauti moja. Nilikuwa nimefika ya kumi na saba gari la Bi Gloria lilipoingia getini.

Alikuwa mama wa makamo, mfupi, wa sauti ya taratibu, na kwapani alibeba cheti kilichotiwa kwenye fremu ya kioo. Nilimkaribisha kwa maneno niliyoyaandaa, lakini macho yake hayakuwa kwangu.

"Mbona hawa vijana wamejazwa kwenye lori?"

"Mafunzo kwa vitendo, mama."

"Ya nini?"

"Ushonaji, useremala na uashi."

"Wanakwenda wapi?"

"Ruaha Mbuyuni."

"Huko kuna nini?"

"Vitunguu," alisema Anjela. Alikuwa amesimama kando ya gurudumu la lori, mkono wa plasta umening'inia shingoni.

Bi Gloria aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Kisha akauliza Mkurugenzi yuko wapi. Swali hilo sikuliandaa. Nilijibu lililo kweli: "Yuko salama."

Hapo Tupokigwe akafungua mlango, akashuka, akapiga goti kidogo kumsalimia mgeni na kumpa fomu aliyoikunjua. Bi Gloria aliisoma pale pale, amesimama, cheti bado kwapani. Aliisoma yote, mpaka muhuri wangu.

"Halijazaliwa?" aliuliza.

"Ni lugha ya kitaalamu," nilisema.

"Na hapa kwenye jina la mtuhumiwa pako wazi. Ni nani?"

Tupokigwe alisema, "Mama, huyo ni baba wa mume wangu. Kwa mila yetu jina lake sitajagi, na leo pia sitalitaja. Nakuomba kitu kimoja tu. Mimi nitatembea humu chuoni. Wewe angalia nani anaondoka."

Akaanza kutembea. Alikwenda kwanza kwenye karakana ya useremala. Mwalimu alikuwa mlangoni, akamwamkia, hakuondoka. Akapita jikoni, mpishi hakuondoka, tena alimuuliza kama amekunywa chai. Alipita mbele yangu, na mimi sikuondoka, ingawa nilitamani. Kisha akageuka taratibu, akaelekea kwenye tangi la maji.

Mzee Isakwisa alizunguka tangi upande wa kushoto. Tupokigwe akazunguka upande huo huo, bila haraka, macho chini kama inavyotakiwa. Mzee akaongeza mwendo. Wakazunguka mara mbili. Angeweza kusimama, nataka hilo lieleweke. Lakini angesimama wakatazamana, mila ingekuwa imevunjwa na yeye mwenyewe, na Tupokigwe angekuwa huru kulitaja jina lake kama anavyotaja bei ya kitenge. Mzee alilijua hilo kuliko sisi sote. Basi akavua koti la suti, akajifunika kichwa, akachomoka.

Alikata kiwanja cha mpira katikati. Mtu wa miaka sitini na mmoja, mwenye kitambi cha heshima, tai nyekundu inapepea begani, haoni mbele vizuri kwa sababu ya koti. Mlinzi, ambaye ni mtu wa kutii maagizo, alipuliza filimbi mara mbili. Juu ya lori wakapiga kelele "Gooo!" hata ndege wakaruka kutoka kwenye mikaratusi. Mkurugenzi alitoka getini bila kusaini daftari, na mara ya mwisho tulimwona akishuka kuelekea barabara kuu.

Bi Gloria alisubiri kelele zitulie. "Huyo ni nani?"

Wote wakanitazama mimi.

"Kanuni ya tatu inataka jina lisomwe na mpokeaji," nilisema, "na mpokeaji..."

"Nakukaimisha, afisa," Tupokigwe alisema. Akavua kitambulisho chake cha Mpokeaji wa Malalamiko, akanivika shingoni. Akanyoosha kidole chake kwenye ile nafasi iliyo wazi. "Dakika moja tu. Wewe siyo mkamwana wake."

Nilitafuta kanuni ya kuninusuru. Nilizitafuta zote, na nazijua kwa moyo. Hakuna. Niliandika jina, kisha nikalisoma.

"Hatujasikia huku!" lori likajibu.

Nikasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi.

"Huku nyuma bado!"

Mara ya tatu nililipaza kwa nguvu zote, Isakwisa, mpaka likagonga ukuta wa bweni na kurudi, na nikashangaa kugundua kwamba lilinipendeza mdomoni. Bi Gloria aliniomba muhuri. Aliufuta wino kwa kitambaa chake na kuutia kwenye mkoba. Halafu akawaambia vijana washuke. Walishuka mmoja mmoja, wakishikana mikono bila fomu yoyote, na Anjela akiwahesabu mpaka akafika thelathini na mmoja. Hapo alianza kulia, na Tupokigwe akamkumbatia, nami nikageukia pembeni nisije nikaonekana. Funguo za lori zilikabidhiwa polisi wa usalama barabarani siku hiyo hiyo. Cheti kilirudi Dar es Salaam na fremu yake.

Bodi ilikutana Jumapili baada ya ibada na kumsimamisha Mkurugenzi kazi. Jumatatu asubuhi alinipigia simu.

"Sosthenes, nimeonewa. Nataka kujitetea."

"Ni haki yako, mkuu. Mfumo wetu unamlinda kila mtu."

"Basi nieleze utaratibu."

Nilimsomea, maana upo. Mtuhumiwa anafika mwenyewe, hatumi mtu wala barua. Anaketi mbele ya Mpokeaji wa Malalamiko, anasomewa tuhuma, na anajibu swali moja moja akimtazama usoni.

"Mpokeaji mmebadilisha?"

Nilitazama ng'ambo ya meza. Tupokigwe alikuwa akimfundisha Anjela kushika mkasi kwa mkono wa kushoto, na wote wawili walikuwa wameharibu gazeti langu.

"Hapana, mkuu," nilisema. "Ana mkataba wa miaka mitano. Ulisaini mwenyewe."

Akakata. Kikao cha utetezi wake kimepangwa Alhamisi hii saa tatu asubuhi. Viti viwili vimekwisha wekwa, vinatazamana.